Mbuzi wa Noeli Kamembe

Jumapili, 30 Novemba

Mbuzi amefika. Papa amemleta kutoka Nzahaha kwa miguu, kwa kamba, kwa sababu anasema mbuzi akipakiwa kwenye gari anakonda kwa woga. Tulipowaona wakipanda kilima, aliyekonda alikuwa Papa. Udongo mwekundu ulikuwa umempanda hadi magotini. Lakini alikuwa anatabasamu, na sijamwona akitabasamu hivyo tangu tuvuke mto Ruzizi kuja Rwanda mwezi wa Februari.

Mdogo wangu Mugisho, ambaye ana miaka sita, alitaka kumpa mbuzi jina. Maman akakataza.

"Kitu iko na jina haiingiake mu sufuria," alisema.

Papa alitangaza jambo lake wakati wa kula. Siku ya Noeli tutaalika ua mzima, yaani Mzee Ridhwani mwenye nyumba, mkewe Mama Zulaikha, kijana wao Latifu anayeendesha pikipiki, na Zulaikha, ambaye ninakaa naye dawati moja shuleni. Wao ni Waislamu na sisi ni Wakatoliki, kwa hiyo Papa amefikiria kila kitu. Hakuna pombe. Amenunua sufuria mbili mpya ili mtu asijiulize zile za zamani zilipikiwa nini.

"Tangu tumevuka, mukono yetu iko chini tu," alisema. "Hii Noeli nataka ikuwe juu. Nataka tuache kuwa bageni hapa."

Ninajua anachozungumzia. Tulifika hapa Kamembe na magodoro mawili na msumeno wa Papa, kwa sababu karakana yake ya useremala kule Bukavu iliporwa wakati wa vita. Siku chache baadaye Ramadhani ilianza. Mwezi mzima, jua likizama, sahani ilikuja mlangoni kwetu, kwetu sisi ambao hatukuwa tumefunga. Papa alikula akiangalia ukuta.

Ninaandika haya katika kurasa za nyuma za daftari la Kiswahili. Kurasa za mbele Mwalimu Uwera huzisoma.

Jumatatu, 1 Desemba

Mvua. Mbuzi amelala jikoni kwetu. Kitabu changu cha historia kimeliwa pembe moja.

Ijumaa, 5 Desemba

Mtihani wa hisabati, kwa Kiingereza. Nilijua namna ya kutafuta jibu. Sikujua swali linataka nini. Bukavu nilikuwa wa pili darasani.

Jumapili, 7 Desemba

Misa ilikuwa ya Kinyarwanda. Nyimbo za majilio ninazijua tuni zake lakini maneno ni mengine, basi nachezesha midomo. Maman haogopi. Aliingia kwaya mwezi wa tisa na anaimba Kinyarwanda chake kibovu kwa sauti kubwa kuliko wote. Kiongozi wa kwaya, mama mmoja mnene anayeitwa Nyiramahoro, anampenda kwa hilo.

Tukitoka kanisani tunaiona Bukavu ng'ambo ya maji. Ninaweza kuonyesha kwa kidole kilima cha Koko, mama yake Papa, ambaye alikataa kuvuka. Alipiga simu mchana. Hakuuliza habari ya mitihani yangu. Aliuliza kama mbuzi ana mafuta.

Jumatano, 10 Desemba

Papa ametoa mwaliko rasmi. Alivaa shati jeupe ili kuvuka ua wa hatua kumi na tano. Mimi na Mugisho tulisimama nyuma yake.

Mzee Ridhwani ni fundi wa bati. Anatengeneza mbabula, yaani majiko ya makaa, na masanduku ya wanafunzi wa bweni, na huwa haachi kugonga nyundo mtu akimsemesha. Leo aliacha.

"Mzee," Papa alisema, "siku ya Noeli, saa saba, nyinyi bote mutakula kwangu. Mbuzi mulimuona."

"Nilimwona," Mzee alisema. "Na yeye aliniona. Alikula kofia yangu."

"Pole, Mzee."

"Pole ya nini? Mimi pia nitamla." Akacheka, kisha akasema, "Siku ya kuchinja uniite."

"Nitakuita, Mzee."

Tuliporudi ndani Papa alimwambia Maman mara mbili kwamba Mzee aliacha kugonga.

Alhamisi, 11 Desemba

Tukirudi kutoka shuleni Zulaikha alisema, "Baba ameshaanza kunoa kisu, utadhani anachinja ng'ombe kumi."

Niliuliza kwa nini ni lazima yeye. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua ina maji.

"Kwa sababu sisi hatuli mnyama asiyechinjwa na Mwislamu. Anaelekezwa kibla, linatajwa jina la Mungu, basi. Hujui?"

Nilijua kuhusu nguruwe. Hili sikulijua. Nikamwambia kwamba nimesoma mahali kuwa wapo wanaoruhusu chakula cha watu wa Kitabu, kama sisi Wakristo.

"Wapo," alisema. "Baba anasema ni kweli imeandikwa. Lakini hapa kwetu hatufanyi hivyo. Mama yangu kama hajui nani kachinja, hata kijiko hagusi. Wewe na vitabu vyako!"

Nilifurahi kwamba Mzee amesema aitwe. Mambo yamejipanga yenyewe.

Jumapili, 14 Desemba

Mvua asubuhi, mvua jioni. Mugisho anampa mbuzi maganda ya ndizi na kumnong'oneza kitu sikioni. Nadhani ni jina.

Jumatano, 17 Desemba

Mzee Ridhwani ameumia bega. Alikuwa anapandisha sanduku juu ya rafu, likamwangukia. Mama Zulaikha amemkanda kwa mafuta ya moto na kelele zake zilisikika hadi barabarani.

Papa alikwenda kumpa pole. Aliporudi alisema, "Ule mzee hawezi kuinua hata kikombe. Mi sitamusumbua. Mbuzi nitachinja mi mwenyewe."

"Si ulisema utamuita?" Maman aliuliza.

"Atakuja kwa heshima, na bega yake ile, anaumia ju yangu tena. Hapana. Kwetu Kabare baba yangu alikuwa anachinjia bageni na mukono yake. Mwenye nyumba njo anachinja. Kuchinjisha kwa mutu mwingine ni kama kumwambia mugeni hauna maana."

Alikuwa anang'aa. Alionyesha hewani jinsi babu alivyoshika kisu.

Sikumwambia alichosema Zulaikha.

Naandika sababu, ili nisijidanganye baadaye. Mwezi wa Februari, Papa alipokuja kuniandikisha shuleni, alijaza karatasi vibaya. Aliandika jina lake mahali pa langu. Nikasema, mbele ya karani na wazazi wengine, "Papa, umekosea, si hapo." Karani akacheka kidogo. Papa alisukuma karatasi kwangu, nikaijaza mimi. Hakusema nami siku mbili. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeijua. Alikuwa amekaa kama mtu aliyevuliwa kitu.

Nitamwambia kesho, tukiwa wawili tu.

Alhamisi, 18 Desemba

Bado sijamwambia.

Ijumaa, 19 Desemba

Shule imefungwa. Nimekuwa wa kumi na tisa. Zulaikha wa nne. Alibeba ripoti yangu pamoja na yake njia nzima, ili watu wasijue ipi ni ya nani. Bado sijamwambia Papa, habari ya mbuzi wala ya ripoti.

Jumamosi, 20 Desemba

Ripoti nimemwonyesha. Akasema, "Kumi na tisa kwa luga ya bantu bengine, ni mbili kwa luga yako." Nilitaka kulia. Ulikuwa wakati mzuri wa kusema lile lingine. Sikusema.

Jumatatu, 22 Desemba

Nilimfuata karakana anakofanya kibarua, kule Mururu. Alikuwa analainisha mbao ndefu mbili ambazo bwana wake amempa, atengeneze meza ya Noeli. Anapiga randa huku anaimba kwa pua.

"Papa."

"Eh."

"Mbuzi..."

"Mbuzi imefanya nini?"

"Amekunywa maji?"

"Amekunywa."

Nikarudi nyumbani. Kilomita tatu kwenda, kilomita tatu kurudi, kuuliza kama mbuzi amekunywa maji.

Jumanne, 23 Desemba

Nimeamua. Papa atachinja asubuhi ya Noeli. Kesho jioni tukitoka Misa nitatembea naye nyuma ya wengine na nitasema. Nimeandika maneno yenyewe kwenye kipande cha karatasi ili nisikwame.

Mvua haijanyesha leo. Ng'ambo, taa za Bukavu ziliwaka mapema.

Jumatano, 24 Desemba

Asubuhi Maman alinituma sokoni kununua sombe, yaani majani ya muhogo, mchele, ndizi na sambaza kidogo, samaki wadogo wa ziwani, kwa ajili ya watoto. Soko lilijaa. Watu walikuwa wanavuta kuku miguu, wanapigia kelele viazi. Nilikaa saa tatu nzima. Niliporudi nilikuta kamba ya mbuzi imefungwa vizuri na kutundikwa msumarini.

Mbuzi hakuwepo.

Maman alikuwa ndani, ameinamia beseni mbili kubwa zilizofunikwa kwa majani ya mgomba. Anatwanga tangawizi.

"Papa yako amechinja leo," alisema. "Alimupeleka Mururu kwa karakana, asichafulie Mzee uwanja yake. Anasema nyama ikilala na tangawizi inakuwa laini. Angalia mafuta!"

Nilikaa juu ya gunia la mchele. Nikamwambia yote, kile alichosema Zulaikha, kibla, Mama Zulaikha na kijiko chake. Maman aliendelea kutwanga, pole pole, halafu akaacha.

"Nani alimuona akichinja?" Maman aliuliza.

"Kama alikuwa Mururu, watu wa karakana tu."

"Mzee anajua?"

"Hajui."

Maman aliangalia mlango. Alikuwa amesuka nywele kwa ajili ya kwaya na uso wake ulikuwa mdogo chini ya zile nywele.

"Basi," alisema.

"Basi nini, Maman?"

"Basi nyamaza. Batakula, batashukuru, Papa yako atalala usingizi. Miezi kumi hajalala usingizi, Emerance. Weye unalala, haujue. Mi njo najua."

"Lakini ni uongo."

"Nani atadanganya? Hakuna mutu ataulizwa."

Kabla ya leo nilidhani Maman ni mtu asiyeogopa kitu, kwa sababu anaimba kwa sauti. Leo niliona kwamba anaogopa jambo moja tu, na jambo hilo lilikuwa limekaa nje likiosha kisu bombani, likipiga mluzi.

Papa aliingia, akainua jani la mgomba, akaniambia, "Angalia kazi ya babu yako." Nikasema, "Nyama nzuri, Papa." Niliandika maneno jana na hayo hayakuwamo.

Misa ilianza saa kumi na moja. Kanisa lilijaa hadi nje. Watu wa hapa walikuwa wamevaa vizuri, wanasalimiana, kila mtu anajua jina la mtoto wa kila mtu. Kwetu Bukavu mwaka jana nilikuwa miongoni mwa watu wanaosalimiana. Sikuwahi kuwatazama waliosimama pembeni. Walipoimba utukufu wote walisimama kwa pamoja, nami nilichelewa kidogo, kama ninavyochelewa kila mara.

Papa alinishika bega tukitoka. "Kesho," alisema. Neno hilo tu. Nilitembea naye nyuma ya wengine, kama nilivyopanga. Karatasi yangu ilikuwa mfukoni. Ilibaki mfukoni.

Alhamisi, 25 Desemba

Naandika jioni. Nitaandika kwa utaratibu.

Nilitoka nje saa kumi na mbili asubuhi. Papa alikuwa ameshaweka zile mbao mbili juu ya miguu yake katikati ya ua, ametandika shuka jeupe, anatafuta vijiwe vya kuzuia upepo usilipeperushe. Nyama ilikuwa bado ndani, haijawekwa motoni. Nilijua ikishawekwa motoni sitasema tena.

"Noeli njema, Emerance."

"Papa, hawawezi kula mbuzi."

Alidhani nafanya mzaha. Nilisema yote bila kumtazama, nikitazama fundo moja la mbao lililoonekana pembeni ya shuka. Nilisema haraka. Nilipomaliza, jogoo wa jirani aliwika.

"Mi nilikuwa namusaidia," Papa alisema. "Bega yake ile."

"Najua, Papa."

"Weye ulijua lini?"

"Siku ile uliposema utachinja wewe, nilikuwa nimeshajua. Kila siku nilitaka kukuambia."

"Ju ya nini haukusema?"

"Ju ya ile karatasi ya shule."

Hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa. Alikaa kwenye benchi na kufunika uso kwa mkono mmoja, ule mkono mkubwa wenye kovu la msumeno, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba siku zile mbili za Februari hakuwa ananiadhibu. Alikuwa ananikwepa. Papa alikuwa ananiogopa mimi.

Maman alitokea mlangoni na khanga kichwani. Alituangalia, akajua.

"Anastase," alisema kwa sauti ya chini, "bantu banakuja saa saba. Wacha nipike. Mungu anajua roho yako."

"Mungu anajua," Papa alisema. "Mzee hajui."

Akasimama. Akaniambia, "Twende."

"Mimi?"

"Nikisema mi mwenyewe nitalia, na sitaki kulia mbele yake. Weye utasema. Mi nitasimama hapo."

Kuvuka ua ni hatua kumi na tano. Mzee Ridhwani alikuwa kwenye kigoda chake, ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Latifu anaosha pikipiki. Mama Zulaikha alikuwa anapiga pasi ya makaa gauni la kijani, na nikajua lilikuwa la kuvaa kwetu. Zulaikha alinipungia mkono, halafu akaona uso wangu, akaushusha.

Mimi huwa siwezi kujibu swali darasani bila kutetemeka. Nilisema:

"Jambo, Mzee. Mbuzi alichinjwa jana na Papa, kwa mkono wake, kule Mururu. Hakukuita kwa sababu ya bega lako. Hakujua. Mimi nilijua, nikanyamaza. Kosa ni langu."

Mama Zulaikha aliinua pasi na kuishikilia juu, hakuishusha. Latifu alisema, "Yaani tangu jana sili vizuri, naitunzia nafasi ile mbuzi!"

"Nyamaza, Latifu," Mzee alisema. Akamtazama Papa. "Ulimlaza upande gani?"

"Upande ya... ya ukuta, Mzee."

"Ukasema nini?"

"Nikasema, Mungu asante, na mimi leo niko na bageni."

Mzee aliangalia ndani ya kikombe chake.

"Neno ni zuri," alisema. "Nyama siwezi kula. Lakini neno ni zuri." Akapumua. "Wapo masheikh watakaoniambia kula. Mama Zulaikha hatakula. Na mimi nikila bila yeye, kesho nitapikiwa na nani?"

"Na nani kweli!" Mama Zulaikha alisema, na pasi ikarudi chini kwenye gauni.

"Kuna nini kingine?" Mzee aliuliza.

"Hakuna kitu, Mzee," Papa alisema. "Sombe. Wali. Ndizi. Sambaza kidogo tu, ya batoto."

"Sambaza?" Mzee aliweka kikombe chini. "Mtu ana sambaza nyumbani, anakuja kuhuzunika mlangoni kwangu? Samaki nani anamchinja? Latifu, washa pikipiki. Shuka ziwani, waambie ni kwa Mzee Ridhwani, ndoo nzima."

"Hapana, Mzee," Papa alisema.

Sikuwahi kumsikia Papa akimwambia Mzee hapana.

"Mi njo nimealika. Samaki nitanunua mi. Latifu anipeleke tu."

Walitazamana. Mzee alikuwa tayari kubisha, nilimwona. Kisha akasogeza kikombe kidogo kwa mguu, ingawa hakikuwa njiani.

"Mpeleke," alimwambia Latifu. "Na wewe Anastase, saa saba ni saa saba. Usitucheleweshe."

Mambo yalikaribia kuharibika tena. Asubuhi ya Noeli wavuvi wengi wako kanisani. Saa tano Papa na Latifu hawajarudi. Saa sita hawajarudi. Maman alikuwa amepika wali na sombe na amekaa mbele ya mafuta matupu. Mvua ikaanza, ile nene ya Desemba, ikalowanisha shuka jeupe, nasi tukakimbiza mbao ndani. Mbao hazikuingia. Nusu ya meza ilibaki nje ya mlango.

Nyiramahoro alikuja na wanakwaya wawili chini ya mwavuli mmoja kuchukua beseni za nyama. Maman alikuwa amewaita; walisema mbuzi ataliwa na kwaya nzima, wagonjwa na wazee wa parokia pia. Mugisho alipoona beseni zinaondoka alilia kwa jina alilompa mbuzi. Lilikuwa Sultani.

Saa sita na nusu pikipiki iliingia. Papa alikuwa nyuma ya Latifu amekumbatia ndoo, amelowa hadi mifupa, shati jeupe limebadilika rangi. Ndoo ilikuwa na sambaza hadi juu.

"Tumeenda pwani tatu!" Latifu alipiga kelele. "Papa Emerance ameingia majini mpaka kiunoni kuita mutumbwi! Na hajui kuogelea! Nimemuuliza!"

Saa saba Maman ndiyo kwanza anaweka sambaza za kwanza katika mafuta. Papa alibadilisha shati na kusimama mlangoni kando ya ile nusu ya meza, mvua inamrushia matone. Upande wa pili mlango wa Mzee ulikuwa umefungwa. Saa saba na robo bado umefungwa. Papa alirudia kunyoosha kola yake. Mimi niliwaza, wamefikiria tena. Mama Zulaikha amekataa.

Mlango ukafunguka. Walitoka wote wanne chini ya bati moja kubwa jipya, wamelibeba juu ya vichwa, Mzee anawaongoza kwa mkono wake mzima na kumgombeza Latifu kwamba analiinamisha. Mama Zulaikha amevaa lile gauni la kijani.

"Umechelewa kufungua," Mzee alimwambia Papa, ingawa mlango wetu ulikuwa wazi tangu asubuhi.

Tulikuwa watu wanane katika chumba kimoja. Tulikaa juu ya magodoro, sahani magotini. Sambaza zilitoka motoni, zimekauka vizuri, na pilipili na ndimu. Papa hakukaa. Alipakua mwenyewe, akaanza na Mzee. Mwanzoni kila mtu alikuwa anatafuna tu. Nilimtazama Mama Zulaikha. Alikula sambaza kwa sombe, polepole, kama mtu anayefikiria. Alimaliza. Halafu akasukuma sahani yake mbele ya Papa.

Papa aliijaza. Aliijaza kupita kiasi, na sambaza tatu zilianguka kwenye gauni la kijani.

"Eh! Unanipikia au unanipamba?" alisema Mama Zulaikha, na hapo ndipo watu walianza kuzungumza.

Zulaikha aliniminya kidole. "Tangu lini unajua kusema hivyo mbele ya watu?"

"Tangu asubuhi," nikasema.

Waliondoka jioni. Papa alikaa juu ya godoro katikati ya mifupa midogo ya samaki.

"Sikubapatia mbuzi," alisema.

Maman alisema, "Banywe chai kesho, basi. Lala." Akalala. Ninasikia anakoroma sasa hivi, na jua ndiyo kwanza limezama.

Ijumaa, 26 Desemba

Nyumba nzima inanuka samaki. Koko alipiga simu kutoka Bukavu kuuliza mbuzi alikuwaje. Papa alisema, "Bakwaya banasema alikuwa mutamu," na Koko akauliza mara nne, bakwaya gani?

Jumamosi, 27 Desemba

Umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Papa alikwenda kuzibua mfereji na wanaume wengine. Aliporudi aliniita nimwagie maji ya kunawa.

"Emerance. Nikikosea, unirudishe."

"Hata mbele ya watu?"

Alifikiri. "Mbele ya bantu, unikanyage muguu kwanza."

Jumanne, 30 Desemba

Mvua. Nasoma. Zulaikha ananifundisha hisabati kwa Kiingereza, mimi namfundisha Kifaransa. Anatamka vibaya makusudi ili nicheke.

Alhamisi, 1 Januari

Bonana. Kwetu leo watoto wangevaa nguo mpya na kupita nyumba hadi nyumba wakidai heri ya mwaka. Mugisho alivaa shati la shule na kupita katika ua peke yake, mlango kwa mlango, milango miwili tu. Alirudi na mandazi sita. Maman aliimba asubuhi yote. Mchana alinyamaza na kuangalia ng'ambo, nami nikakaa karibu naye.

Papa hataji Noeli. Akikutana na Mzee bado anavua kofia na kusimama kando ampishe, na Mzee bado anamwuliza, "Mmeamkaje, hamna shida?" kama unavyouliza watu wanaopita.

Jumamosi, 3 Januari

Shule inafunguliwa Jumatatu. Nilikuwa nabandika jalada la kitabu cha historia, saa kumi jioni, upepo mkali ukaja kutoka ziwani pamoja na mvua. Tulisikia bati likipiga upande wa Mzee, mara moja, mara mbili, kisha likaanza kung'oka kwenye paa la karakana yake.

Halafu tukasikia sauti.

"Anastase! We Anastase! Umekaa ndani unapasha miguu moto na paa langu linakwenda Burundi? Toka! Leta nyundo! Hivi wewe ni seremala gani?"

Maman aliacha kukoroga uji. Hakuna aliyewahi kumfokea Papa hivyo tangu tuje hapa. Watu wote walikuwa wanatusemesha kwa upole, miezi kumi, kama wagonjwa.

Papa alitoka bila viatu. Nilimwona kupitia dirisha akipanda ngazi na misumari mdomoni, mvua inampiga mgongoni, na Mzee chini, hana hata mwavuli, anaelekeza kwa mkono.

"Si hapo! Pale! Una macho?"

"Naona, Mzee!"

"Huoni! Kulia!"

Papa alitema misumari kwenye kiganja. "Mzee, ni mi niko juu au ni weye? Wacha kelele ushikilie ngazi, nikianguka nitakuangukia weye!"

Nilishtuka. Nikasubiri. Mzee akashika ngazi, huku akifoka vilevile kwamba vijana wa Bukavu hawana adabu, wote, aliambiwa zamani. Papa akamjibu. Sikusikia alisema nini kwa sababu ya nyundo, lakini Mama Zulaikha alicheka kutoka ndani kwake.

"Banagombana," Mugisho alisema kwa hofu.

"Ndiyo," Maman alisema. Akaja akafungua dirisha lote, mvua ikaingia juu ya kitabu changu, tukasimama hapo watatu kuwasikiliza.